Mtoto Aliyelala Kinywa Wazi

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto anayesinzia darasani ni mtoto mvivu. Naandika insha hii kukiri kwamba nilikosea, na kueleza jinsi nilivyokuja kujua kwamba nilikosea. Aliyenifundisha si kitabu cha ualimu bali mwanangu mwenyewe, na alinifundisha kwa gharama ya mgongo wake.

Tulikuwa tukiishi hapa hapa Chanji, mjini Sumbawanga. Asiyeijua Ufipa anapaswa kuelezwa kwamba uwanda wetu u juu sana, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hupenya mpaka kwenye mifupa. Upepo wa kiangazi hupeperusha vumbi jekundu, na wakati huo huo kila jiko la kuni linatoa moshi, maana watu hufunga milango na madirisha ili joto lisitoke. Basi mafua hapa kwetu ni kama mgeni asiyeaga. Mtoto kuwa na kamasi kutwa na kucha halikuwa jambo la kumshangaza mtu.

Mwanangu wa tatu, mwaka 1991, alikuwa darasa la pili. Alilala kitanda kimoja na kaka zake wawili, nao walilalamika kila siku kwamba anakoroma kama mtu mzima. Mimi nilicheka. Nilipopita na kibatari usiku nilimwona amelala chali, shingo ameinyoosha nyuma, kinywa wazi kabisa. Mara kukoroma kulikatika, kukawa kimya, kisha akashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Asubuhi midomo yake ilikuwa imepasuka, kichwa kikimuuma, na mara nyingi godoro lilikuwa limelowa. Shuleni alisinzia kabla ya saa nne. Nilikuwa nikifundisha katika shule hiyo hiyo, na kwa kuwa sikutaka isemwe kwamba mtoto wa mwalimu anadekezwa, nilimchapa mimi mwenyewe. Nilimchapa kwa kusinzia, na nyumbani nikamchapa kwa kukojoa kitandani. Alilia bila kujitetea, kwa sababu na yeye hakujua alichokosa.

Mama yangu mzazi, ambaye tulikuwa naye nyumbani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba mtoto ni mgonjwa. "Mwanangu," aliniambia, "huyu mjukuu wangu usimpige. Kimeo chake kimerefuka. Kinamziba."

Ndugu msomaji, hapa ndipo historia inapoingia. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa, mwanzo wa koo. Katika sehemu nyingi za Tanzania, na katika nchi nyingi za Afrika, kimebeba lawama za kila namna: kikohozi kisichopona, kutapika, mtoto kukataa kula, mtoto kudhoofika, mtoto kupumua kwa shida. Dawa ikawa kukikata. Fundi wa kukata vimeo alikuwa mtu wa heshima, na kazi yake aliirithi. Mwaka 1984 daktari mmoja, J. J. Manni, alichapisha makala katika jarida la kitabibu juu ya desturi hiyo humu nchini Tanzania, maana hospitali zilikuwa zikipokea watoto waliopata madhara: kutokwa na damu nyingi, koo kuoza, pepopunda. Baadaye ukaongezeka na woga wa ukimwi, kwa kuwa kisu kimoja kilikata vimeo vya wengi.

Mambo hayo niliyajua nusu nusu. Hata hivyo nilikubali. Mke wangu alipinga, lakini mimi ndiye niliyekuwa baba wa nyumba. Fundi alikuja jioni, akamaliza kazi yake kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, akapokea ujira wake akaondoka. Mtoto alitema damu usiku kucha. Mama yake alimpakata mpaka alfajiri, akimwinamisha ili damu isimwingie kifuani. Mungu alimrehemu, damu ikakatika. Wiki mbili baadaye, jeraha lilipopona, alilala chali kama zamani, kinywa wazi, akakoroma kama zamani.

Nimetafakari sana kwa nini watu wenye akili timamu, nami nikiwamo, tulikubali jambo lile. Jibu nililolipata ni kwamba binadamu akiwa na mtoto mgonjwa hutafuta kitu kinachoonekana. Ukimfungua mtoto kinywa utakiona kimeo, kinachoziba hukioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalizuka humu nchini maneno ya meno ya plastiki, ambayo wengine waliyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ilisemwa kwamba ndani ya fizi zake kuna meno mabaya ya kung'olewa. Yaliyong'olewa yalikuwa meno yake ya kawaida kabisa, hasa chonge, ambayo yalikuwa bado hayajakomaa na kwa hiyo yalionekana meupe na laini. Hapo pia mzazi alioneshwa kitu mkononi, akaridhika, na ugonjwa wenyewe ukaendelea. Kimeo na meno ya plastiki ni watoto wa mama mmoja.

Aliyetuokoa alikuwa tabibu wa meno. Mwaka 1992 mtoto aliumwa na jino la mbele, nikampeleka. Wakati ule wataalamu wa meno walikuwa wachache mno. Mafunzo ya udaktari wa meno humu nchini yalikuwa yameanza pale Muhimbili mwaka 1979 tu, na mikoa ya pembezoni kama Rukwa ilisubiri kwa muda mrefu. Mama yule aliliangalia jino lililouma, kisha akaendelea kuangalia. Aliniita nisogee. Fizi za juu, za mbele, zilikuwa nyekundu na zimevimba, ilhali za nyuma zilikuwa nzima. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamechomoza nje, na mengine yalikuwa yamebanana kama watu ndani ya basi. Paa la kinywa lilikuwa jembamba na limeinuka juu.

"Mwalimu," aliniuliza, "mtoto huyu analala kinywa wazi?"

Nikasema ndiyo.

"Anakoroma? Anakojoa kitandani? Mchana anasinzia?"

Nilijibu ndiyo mara tatu. Sikumwambia habari za fimbo.

Alinieleza kwamba tatizo halikuwa mbele ya koo bali juu yake, nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo jicho halifiki. Huko kila mtoto ana vinyama vinavyosaidia kupambana na maradhi. Kwa kawaida huwa vikubwa utotoni na kunywea mtu akikua. Lakini kwa baadhi ya watoto huvimba kupita kiasi, vikaziba njia ya hewa, na mtoto hana budi kupumua kwa kinywa. Akaandika barua ya kutupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa ya mbali.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma, na katika miaka yangu ya kustaafu nimesoma zaidi. Niligundua kwamba nilikuwa nimechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja, George Catlin, aliyekuwa mwanasheria akageuka kuwa mchoraji, alichapisha kijitabu chenye kusisitiza jambo moja tu: funga kinywa chako. Miaka ya 1830 alikuwa amezunguka kati ya wenyeji wa asili wa Amerika akichora sura zao, na akasimulia kwamba aliwaona akina mama wakibana taratibu midomo ya watoto wachanga waliolala, ili wazoee kupumua kwa pua. Catlin alitia chumvi nyingi, maana karibu kila ugonjwa aliuhusisha na kinywa wazi. Lakini alikuwa ameona kitu.

Sababu yenyewe aliipata Wilhelm Meyer, daktari wa Copenhagen nchini Denmark. Mwaka 1868 alieleza habari za vile vinyama vya nyuma ya pua, jinsi vinavyoharibu kusikia, kusema na kupumua, na jinsi alivyoviondoa. Mwaka 1889 daktari mwingine wa Uingereza, William Hill, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo juu ya watoto wanaoitwa wazito na wajinga, akaonya kwamba baadhi yao hawana upungufu wa akili. Wana pua zilizoziba. Miaka mitatu baadaye, 1892, William Osler aliweka katika kitabu chake mashuhuri cha tiba picha ya mtoto wa namna hiyo: kinywa wazi, uso uliopooza, akili nzito, usingizi wa kukoroma na kushtuka. Niliposoma maelezo hayo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Alikuwa amemweleza mwanangu miaka karibu mia kabla hajazaliwa.

Mwaka huo huo wa 1889, Hill alipokuwa akiandika mambo yake, alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kijana mmoja Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadri Weupe, kisha akasomeshwa uganga huko Malta. Alitibu watu wa Karema na pande zake mpaka alipofariki mwaka 1956. Hapa Sumbawanga iko hospitali yenye jina lake. Huwa namfikiria mtu yule, peke yake kwa miaka zaidi ya sitini, katika nchi ambayo sasa imegawanyika kuwa mikoa ya Rukwa na Katavi. Elimu ya tiba ilikuwa imetufikia tangu wakati wa babu zetu, ila ilikuwa kama tone katika ziwa. Palipo na daktari mmoja, fundi wa vimeo atakuwa karibu na mlango wako kuliko daktari.

Mwaka 1935 mganga wa meno wa Marekani, Weston Price, alipita Kenya, Uganda, Kongo na Sudan akikagua vinywa vya watu. Aliona kwamba waliokula vyakula vyao vya jadi walikuwa na meno machache sana yaliyotoboka, na walioanza kula unga mweupe na sukari walitoboka zaidi. Aliona pia mataya membamba na meno yaliyobanana kwa watoto wa waliobadili chakula, akachapisha hayo katika kitabu mwaka 1939. Kuhusu sukari hakuna anayebisha. Kuhusu mataya, Price alikimbilia kuweka kila kitu juu ya chakula, na wataalamu waliomfuata wamemkosoa. Mwanangu hakulelewa kwa keki wala mikate. Alilelewa kwa ugali wa ulezi, maharage na dagaa, na taya lake lilikuwa jembamba vile vile.

Jaribio lililonifumbua macho zaidi ni la Egil Harvold na wenzake huko San Francisco, ambao waliziba pua za nyani wadogo na kuwaacha wakue hivyo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1981. Nyani wale walijifunza kupumua kwa kinywa, kila mmoja kwa namna yake, na nyuso na meno yao yakabadilika umbo. Maelezo ya jambo hilo si magumu. Kinywa kikiwa kimefungwa, ulimi hukaa juu, ukigusa paa la kinywa, na kulisaidia taya la juu lipanuke. Kinywa kikiwa wazi, ulimi hushuka chini, mashavu yakabaki yakilibana taya bila mpinzani. Sisemi kwamba kila meno yaliyopinda yametokana na pua. Mengine ni urithi wa wazazi, na mengine ni mtoto kunyonya kidole. Lakini pua imo.

Kutoboka kwa meno kuna njia yake. Mate si maji matupu. Husafisha meno, hupunguza ukali wa tindikali inayotengenezwa na vijidudu, na hurudisha madini kwenye jino. Usiku mate hupungua kwa kila mtu; anayelala kinywa wazi hata hayo machache hukauka. Watafiti wa New Zealand, katika matokeo yaliyotoka miaka ya 2015 na 2016, walipima vinywa vya watu 10 wenye afya njema wakiwa usingizini, usiku mmoja wakipumua kama kawaida na mwingine wakiwa wamebanwa pua. Kipimo cha tindikali, ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi, kilikuwa wastani wa 7.0 kwa kawaida na 6.6 kwa kinywa wazi, na kuna nyakati kilishuka mpaka 3.6. Ngozi ngumu ya jino huanza kuyeyuka panapo kiasi cha 5.5. Basi mtoto anaweza kupiga mswaki vizuri jioni, na usiku ukabomoa kilichojengwa.

Habari ya usingizi ilichelewa kueleweka kuliko zote. Christian Guilleminault, Mfaransa aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1976 juu ya watoto wanane ambao pumzi zao zilikatika usingizini mara nyingi kwa usiku mmoja. Kile kimya nilichokisikia nikiwa na kibatari changu hakikuwa utulivu. Koo lilikuwa limejifunga, hewa haipiti, na mwili unapambana mpaka ubongo ushtuke na kumwamsha mtoto kidogo ili avute pumzi, kisha alale tena, kisha koo lijifunge tena. Mtu wa namna hiyo hulala saa tisa na kuamka hajalala. Watu wazima nao wanaupata ugonjwa huu, hasa wanene, na kwao huleta shinikizo la damu. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alionesha kwamba hewa inayosukumwa kwa mashine kupitia puani huweza kuliweka koo wazi usiku kucha.

Na sasa nirudi kwa mwanangu. Tulisafiri naye, akafanyiwa upasuaji, vile vinyama vikaondolewa pamoja na mafindofindo yaliyokuwa yamevimba. Tulirudi Chanji baada ya wiki kadhaa, kidonda kikiwa kimepona. Usiku wa kwanza nyumbani mke wangu aliniamsha kwa kunitikisa bega.

"Baba watoto, amka. Simsikii mtoto."

Tulikwenda na kibatari. Alikuwa amelala ubavu, mikono katikati ya magoti, kinywa kimefungwa. Mke wangu aliweka kiganja puani mwake akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akaketi sakafuni akalia. Mimi nilibaki nimesimama, na kilichonijia akilini ni idadi ya fimbo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba baada ya hapo mtoto aliongoza darasa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusisha watoto 464, ulionesha kwamba upasuaji huo uliboresha usingizi na tabia za watoto, ila majaribio ya umakini wa akili hayakuonesha tofauti kubwa, na baadhi ya watoto ambao hawakupasuliwa nao walipata nafuu kadiri muda ulivyokwenda. Kwa hiyo si kila mtoto anayekoroma apelekwe kisuni. Ndiyo sababu ya kumwona daktari. Mwanangu aliacha kusinzia. Aliacha kukojoa kitandani baada ya miezi michache. Meno yake hayakurudi mahali pake, maana taya lilikuwa limekwisha kufuata umbo lake, na mpaka leo akicheka huweka mkono mdomoni.

Ninachowaomba wazazi na walimu ni kidogo. Msikilizeni mtoto anavyolala. Kukoroma kila usiku si dalili ya usingizi mtamu. Jiko la kuni litengwe na chumba cha kulala, au dirisha lifunguliwe japo kidogo hata wakati wa baridi, kwa sababu moshi huvimbisha pua. Mafua yasiyokwisha yapelekwe kituo cha afya. Asiwepo wa kumfunga mtoto mdomo kwa gundi wala kitambaa, kwani kama pua imeziba utamnyima njia pekee ya hewa aliyobakiwa nayo. Kimeo kiachwe mahali Mungu alipokiweka. Na mtoto akisinzia darasani, mwalimu amuulize kwanza alilalaje, kabla ya kuuliza fimbo iko wapi.

Mwanangu sasa ni baba. Miaka kadhaa iliyopita, alipokuja likizo na mkewe na binti yao mdogo, nilijikaza nikamwomba radhi kwa zile fimbo. Alinitazama, akasema, "Baba, hukujua." Nikamjibu kwamba kutojua kwangu hakukumpunguzia maumivu. Hakubisha. Usiku ule niliamka kama kawaida ya wazee, nikapita karibu na chumba walicholala. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona ameketi kitandani gizani, ameinama juu ya binti yake, akisikiliza.